Kreti la Mwalimu Rukaya

Asubuhi Rukaya aliposhuka stendi ya Njombe kwa mara ya kwanza, alimwona kondakta akitoa moshi mdomoni, akamhesabu kuwa mvutaji. Kisha akamwona mama muuza viazi naye anatoa moshi, na mtoto aliyebebwa mgongoni naye anatoa moshi, na alipofungua kinywa kusema "Subhanallah" akauona na wa kwake. Ndipo alipoelewa kuwa baridi aliyokuwa akihadithiwa haikuwa hadithi. Miguuni alikuwa na kandambili.

Asichekwe sana. Kwao ni Mbeni, kisiwani Ngazija, katika Visiwa vya Komoro, ambako jua halijui likizo na maji ya kuoga hapashiwi mtu ila mgonjwa na mzazi. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kingazija, ya shuleni Kifaransa, na Kiswahili alikichota kwa mama yake mdogo, Hajira, aliyeolewa Makambako na Mansoor, muuza matairi na vipuri vya malori. Kiingereza alikitafuta mwenyewe kwa redio na vitabu vya kuazima, kwa sababu shule aliyosoma ilikaa miaka na miaka bila mwalimu wa somo hilo. Kila mwaka wanafunzi waliambiwa mwalimu yuko njiani. Rukaya alipochoka kusubiri, akamwambia baba yake, mzee Sudi, kwamba huyo mwalimu aliye njiani basi ni yeye. Mzee Sudi akacheka, kisha akaacha kucheka, akampigia simu Mansoor.

Mansoor hakuuliza mara mbili. Alikubali kumpokea, akamlipia chuo cha ualimu cha binafsi pale Njombe, na aliposikia habari ya kandambili alimpelekea koti zito la dereva wa lori, lililomfika magotini na kunuka dizeli. Rukaya alilivaa koti lile miaka yote ya chuo na kila alipolifunga vifungo alisema alhamdulillahi. Hakuona haya. Mtu aliyevikwa akiwa anatetemeka haangalii mtindo wa nguo.

Jambo moja tu ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi. Mwaka wa mwisho kila mwanachuo alipelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na mkufunzi alimfuata huko mara mbili kumwona akiwa darasani. Ukianguka mara zote mbili, unarudia mwaka. Kwa wenzake kurudia mwaka ilikuwa aibu ya kupita. Kwa Rukaya, kibali cha kuishi nchini kilikuwa kinakwisha pamoja na masomo, na Mansoor alikwisha kumwambia, kwa upole na macho chini, kwamba biashara imelegea na mwaka mwingine hataumudu. Kwa hiyo kuanguka maana yake ilikuwa moja: arudi Mbeni mikono mitupu, na watoto wa Mbeni waendelee kuambiwa kuwa mwalimu yuko njiani.

Akapangiwa shule ya msingi ya kijiji kimoja mbele ya Matembwe, kwenye vilima vya misitu ya mbao, na akapewa chumba nyumbani kwa Dorosela. Huyu alikuwa mjane, mkulima, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na binti yake Prisila alikuwa darasa la tano, darasa lile lile alilopewa Rukaya kufundisha Kiingereza. Chumba alichompa mgeni wake kilikuwa kinapakana na jiko, ili joto la mafiga lipite ukutani. Maji ya kuoga yalichemka kabla hajaomba. Jioni walikula watatu jikoni, vigoda vimezunguka moto, na Dorosela alikuwa na desturi ya kumsogezea Rukaya kiazi kilichoiva vizuri bila kumtazama, kana kwamba kiazi kimejiendea chenyewe.

Majirani nao hawakukaa nyuma. Mzee Polikarpo, mpasua mbao aliyekaa upande wa pili wa barabara, alimwachia mabaki ya magogo mlangoni kila alipotoka msituni. Alimwambia amesikia kwamba watu wa visiwani wakishikwa na baridi hung'atwa na meno yao wenyewe, na yeye hataki kijiji kisingiziwe. Kila asubuhi alimsalimia "Kamwene," na Rukaya akajifunza kuitikia "Kamwene," na mzee akaondoka akitikisa kichwa kwa furaha. Rukaya alimwambia baba yake kwa simu kwamba ameangukia mikono ya watu wema, na alisema kweli.

Kasoro ilikuwa darasani. Rukaya aliingia na picha alizochora mwenyewe, kadi za maneno, na andalio la somo lililopigwa mistari kwa rula. Akauliza swali, vichwa vikainama. Akamteua mtoto, mtoto akasimama, akatazama vidole vya miguu yake, akanyamaza mpaka alipoambiwa aketi. Akamteua mwingine, hivyo hivyo. Alijaribu kutabasamu, akajaribu kukaza uso, akajaribu pipi. Pipi walizila, wakashukuru kwa Kiswahili, wakanyamaza kwa Kiingereza. Mbaya zaidi alikuwa Prisila. Nyumbani mtoto huyu alizungumza na kuku, na mbwa, na sufuria, ulimi haupati nafasi ya kupumzika. Darasani akiitwa alikuwa gogo. Nyuma kabisa alikaa Amos, mvulana mrefu kuliko wote, ambaye Rukaya hakuwahi kuisikia sauti yake hata anapoitikia jina.

Mkufunzi Yonathani alipokuja mara ya kwanza, alikaa dawati la nyuma akiwa na jalada lake, akamwona Rukaya akiuliza na kujijibu mwenyewe kipindi kizima. Mkufunzi huyu hakuwa mtu mbaya, ila hakujua kumung'unya maneno. Walipotoka nje alimwambia, "Mwalimu, leo umefundisha ubao, na ubao umeelewa vizuri. Nikirudi nataka nikukute unafundisha watoto." Mara ya kwanza akawa ameanguka. Ilibaki moja.

Hofu ikimshika mtu, humfanya aone kazi moja tu duniani. Rukaya akajifungia na maandalio yake. Alichora picha zaidi, alikata kadi zaidi, hata jikoni alikuja akiwa na kalamu sikioni. Ndipo wiki hiyo ikatokea kwamba mzee Polikarpo aliangukiwa na gogo msituni, akavunjika mguu, akarudishwa kutoka hospitali na muhogo mkubwa wa plasta. Na huo ndio ulikuwa wakati wa kulima vinyungu, yale matuta ya bondeni ambako watu wa huku hupanda viazi, mahindi na maharage wakati mvua hazipo. Bonde la Polikarpo lilikuwa halijaguswa.

Dorosela akamwambia Rukaya, huku akimenya viazi, kwamba Jumamosi kuna mgowe kwa Polikarpo. Rukaya aliuliza mgowe ni nini. Dorosela akaona neno liko wazi mno kulieleza, akasema tu kwamba watu wanakwenda kulima kwa mwenzao, wote, halafu wanakunywa. "Na wewe utakuja," akaongeza, na akarudi kwenye viazi.

Rukaya alifikiri sana, na moyo wake ulikuwa safi, hilo halina ubishi. Hajui kulima. Jembe lake lingekuwa mzigo kwa wenye kazi. Mkufunzi angeweza kurudi siku yoyote, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kuandaa masomo. Pia kwao Ngazija, mtu asiyeweza kufika kwenye shughuli hutuma kitu, na kitu kikifika kwa heshima ni kama mwenyewe amefika. Kwenye ndoa kubwa za kwao watu wako ng'ambo, Ufaransa huko, na zawadi zao hupita barabarani zimebebwa vichwani, na majina yao hutajwa, na hakuna anayesema hawakuwapo. Basi akamwita Haruni wa bodaboda, akampa kazi ya kuleta kreti zima la soda kutoka Njombe na kulifikisha moja kwa moja bondeni kwa mzee Polikarpo, na salamu kwamba mwalimu amebanwa na kazi lakini yuko pamoja nao. Haruni alilifunga kreti nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira. Rukaya akarudi kwenye kadi zake akiwa na amani, akijisifu kimoyomoyo kuwa amelipa wema kwa wema.

Jioni Dorosela alirudi na jembe begani na kreti kichwani. Akalitua barazani. Hakuna chupa hata moja iliyofunguliwa.

"Kreti lako hili, mwalimu," alisema. "Limefika salama."

Akaingia jikoni.

Usiku ule Rukaya aliletewa chakula sebuleni, kwenye meza, sahani imefunikwa na sahani, kama afanyiwavyo mgeni wa heshima. Akakila peke yake akisikia vicheko vya jikoni. Asubuhi maji yalikuwa ya moto vile vile, viazi vilikuwa vizuri vile vile. Alipotoka uani alimkuta Prisila akimwaga shinani mwa mgomba kinywaji kilichokuwa kwenye ndoo ndogo ya mfuniko, kimechacha kinanuka. Akadhani ni makombo ya jana. Mzee Polikarpo alikuwa amekaa mlangoni kwake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Alimwona Rukaya, akainua mkono, akasema, "Habari za kazi, mwalimu." Hakusema "Kamwene."

Hilo ndilo lililomkata. Rukaya alivaa koti lake la dizeli akaenda Makambako bila kuaga vizuri. Njiani kichwa kilimzunguka na mawazo mabaya. Labda hawanywi kitu kilichotoka kwa Mwislamu. Labda walimvumilia tu tangu mwanzo. Labda na watoto darasani wanajua jambo ambalo yeye halijui. Alipofika kwa mama yake mdogo alikuwa ameshaamua kwamba atafungasha, atarudi kwao, na yaishe.

Hajira alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye duka la vitenge pembeni ya duka la mumewe, na alikuwa ameishi Makambako muda mrefu kiasi kwamba Kingazija chake kilikuwa na lafudhi ya stendi. Alipoambiwa kwamba kreti lilirudi zima, aliacha mchele, akacheka mpaka akashika ubavu, na Mansoor akachungulia kutoka sebuleni kuuliza kuna nini. Rukaya alichukia kuchekwa. Hajira akajifuta machozi, akamwomba radhi, akasema hamcheki yeye, anajicheka mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza hapa, jirani yake, Mbena mmoja, alifiwa. Hajira alituma gunia la mchele na mafuta, akabaki nyumbani kwa kuwa hakumjua marehemu. Mchele ulirudishwa. Alikaa miezi bila kusalimiwa sawasawa, mpaka alipokwenda kwa miguu yake kwenye msiba mwingine na kukaa chini na kuosha vyombo.

"Kwetu kitu kinakwenda badala ya mtu," alimwambia Rukaya, na sasa hakuwa akicheka. "Huku mtu hana badala. Hawakukuita kwa sababu ya nguvu zako, mwanangu, nguvu gani unazo wewe? Walikuita kwa sababu walishakuhesabu. Ukatuma soda, ukawaambia wakutoe kwenye hesabu."

Rukaya aliutazama ule mchele. Akakumbuka kiazi kilichojiendea chenyewe jioni baada ya jioni, na vigoda vitatu, na magogo mlangoni, akaona haya iliyompanda mpaka masikioni. Sio haya ya kuumbuka tu. Alitambua kwamba alikuwa amependwa kwa namna ambayo hakuijua kuwa ni kupendwa. Alilia kidogo, Hajira akamwacha alie, kisha akampa chai ya tangawizi na kumwambia aondoke mapema kabla ukungu haujashuka.

Alipofika kwa Dorosela kulikuwa bado kweupe. Alipita sebuleni, akaiacha meza, akaenda moja kwa moja jikoni na kuvuta kigoda chake.

"Mama," alisema, "naomba jembe."

Dorosela alimtazama mikono, ile mikono iliyojaa wino. "La nini?"

"La mgowe unaokuja. Wa mtu yeyote."

"Wa Polikarpo haujaisha. Kuna kipande kimebaki chini kwenye maji." Dorosela akachokoa moto, akapuliza, akangoja ushike. "Jembe lipo. Nitakupikia na togwa nyingine."

"Nyingine?"

"Ile ya kwanza ilichacha. Wewe hunywi pombe yetu, komoni. Nikasema watu wasije wakanywa, mwenzao anawatazama. Nikakuwekea ndoo yako."

Mtu anaweza kusamehewa na asisikie uzito wake, lakini uzito wa ile ndoo ndogo Rukaya aliusikia wote.  Dorosela akamsogezea kiazi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wahenga walisema, na wengi hudhani ni maneno ya kumchoka mgeni. Jumamosi iliyofuata Rukaya alijua kwamba jembe ndilo lililokuwa ukaribisho wenyewe. Alikwenda bondeni na gambuti za kuazima, kanga kiunoni, hijabu imefungwa kwa nyuma. Mzee Polikarpo alikuwa ameletwa kwa mkokoteni, amekaa ukingoni mwa shamba na mguu wake mweupe. Alimwona, akamtazama kuanzia gambuti hadi kichwani.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene," Rukaya akaitikia, akashuka shambani.

Kulima hakukuwa mchezo. Jembe lilimpinga, udongo ulimrukia, alipopiga palipotakiwa kuwa laini alipiga jiwe, na alipoinua kichwa kupumua aliona wenzake wako mbali. Wanawake walimcheka waziwazi, kicheko cha kumcheka mtu wa nyumbani. Lakini aliona jambo. Watu walikuwa wamepangwa mstari mmoja, kila mtu na tuta lake, na mmoja alitoa wimbo, wengine wakapokea, na majembe yakashuka pamoja. Aliyemaliza tuta lake hakukaa chini. Aligeuka, akaanza kulima kutoka mwisho wa tuta la aliyechelewa, akimfuata, mpaka majembe yao yakutane katikati. Hakuna aliyesema "ngoja nikusaidie." Hakuna aliyeitwa kwa jina. Rukaya aliinamia udongo wake akipambana, na alipoinua uso aliona tuta lake limekwisha, kwa sababu watoto wawili walikuwa wamekuja kumpokea kutoka upande wa pili. Mmoja alikuwa Prisila. Mwingine alikuwa Amos.

Na watoto wale walikuwa wanaimba. Darasa lake zima la mabubu lilikuwa kwenye mstari wa watoto pale chini, na aliyekuwa akiwatolea wimbo ni Prisila, sauti imepanda, anatunga maneno papo hapo, anamtania mzee Polikarpo na plasta yake. Hata Amos alikuwa na sauti, tena nzito, ya mtu mzima. Rukaya alisimama na jembe lake akiwatazama. Hawakuwa wajinga, hawakumdharau, wala hawakukataa Kiingereza. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasimamisha mmoja mmoja mbele ya wenzao, jambo ambalo huku hafanyiwi mtu ila mwizi.

Alikunywa togwa yake siku ile mpaka tumbo likauma.

Jumatatu hakumwita mtoto hata mmoja. Alisimama ubavuni mwa safu ya kwanza ya madawati, kama alivyosimama bondeni, akatoa sentensi ya Kiingereza kwa mahadhi ya wimbo wa jembe, akangoja. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha Prisila, huku akitazama dirishani kama asiyehusika, akaipokea. Safu ikamfuata. Kila safu ikawa tuta. Mtoto mmoja aliongeza neno, wa pili akaongeza la kwake, na safu iliyomaliza hadithi yake iligeuka kuwapokea waliokwama, bila kuambiwa, kwa sababu nani angehitaji kuambiwa jambo hilo? Ilikuwa na kelele. Mwalimu wa darasa la pili alikuja kuuliza kuna nini. Lakini siku zilivyokwenda wimbo ulipungua na maneno yakabaki, na watoto wakaanza kusema sentensi nzima peke yao bila kugundua kwamba wako peke yao.

Mkufunzi Yonathani alirudi asubuhi yenye ukungu, siku chache baada ya mgowe mwingine, akakaa dawati la nyuma, akafungua jalada. Watoto walipomwona mgeni, vichwa vikainama kama zamani.  Mbeni ilimjia Rukaya machoni, na baba yake, na watoto wa shule yake ya zamani. Alipiga moyo konde, akasogea ubavuni mwa safu, akatoa sentensi ya kwanza. Ikapokelewa. Safu ya pili ikapokea, ya tatu ikapokea, na ukungu wa nje ukasikia Kiingereza cha darasa la tano.

Mkufunzi alisikiliza sana. Kisha akafunga kalamu yake, na Rukaya hakuipenda namna alivyoifunga.

"Wanapokezana vizuri," alisema. "Lakini mimi sijajua kama kila mmoja anaweza, au wanabebwa." Akamnyooshea kidole Amos, aliyekuwa karibu yake. Akamuuliza kwa Kiingereza Jumamosi aliyopita alifanya nini.

Rukaya alitaka kuingilia, akajizuia. Amos alisimama. Akatazama vidole vya miguu yake. Ukimya ule wa zamani ukarudi na kukaa darasani kama mwenye nyumba.

Ndipo Prisila akasimama. Hakusema kitu, hakunong'ona, alisimama tu. Aliyekaa naye akasimama, na safu nzima ya Amos ikasimama, kisha safu nyingine, mpaka darasa lote likawa wima, kimya, macho mbele. Mkufunzi aligeuka kuwatazama. Na Amos, ambaye sasa hakuwa amesimama peke yake, akainua kichwa. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwa ile sauti yake nzito, kwamba Jumamosi walilima bondeni. Akapumua. Akasema kwamba mwalimu wao alibaki nyuma. Akasema kwamba walirudi kumchukua.

Akaketi. Wote wakaketi.

Rukaya aligeukia ubao akijifanya kufuta mahali palipokuwa pasafi. Nyuma yake mkufunzi aliifungua tena kalamu, na alipomaliza kuandika alimfuata mbele. Akamwuliza kwa sauti ya chini kama ile ya kusimama pamoja na mwenzao ni yeye aliyewafundisha. Rukaya akajibu kwamba hapana, aliikuta. Mkufunzi alitazama malengelenge ya viganja vyake, akatikisa kichwa, akamwambia kwamba amefaulu, na kwamba amefaulu vizuri.

Alimpigia baba yake simu akiwa bado uwanjani. Mzee Sudi akasema atawaambia Mbeni kwamba mwalimu sasa yuko njiani kweli. Hajira alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, na Mansoor akauliza kwa nyuma kama lile koti bado lipo, maana kuna mtu mwingine kutoka pwani anakuja.

Jumamosi ya mwisho kabla hajaondoka, mgowe ulikuwa wa Dorosela mwenyewe. Rukaya alilima tuta lake. Halikunyooka, na alipokelewa tena, lakini safari hii alipokelewa karibu na mwisho. Jua lilipopanda watu walikaa nyasini, komoni ikazunguka, na ndoo yake ndogo ikawekwa mbele yake. Aliinywa akiwatazama mmoja mmoja, akijaribu kuwaweka machoni asije akawasahau. Alikuwa na mengi ya kuwashukuru na hakujua aanzie kwa nani.

Mzee Polikarpo, ambaye sasa alitembelea fimbo, alijikokota mpaka alipokaa Dorosela, akamwuliza kama lile kreti la mwalimu bado liko barazani.

Dorosela akasema liko, halijaguswa.

"Mwambie Amos alilete," alisema mzee. Akamgeukia Rukaya, akakaa chini kando yake, akaunyoosha mguu wake mbovu. "Sasa soda inanyweka. Mwenyewe yupo."